Maumivu ya mgonjwa wako si sadaka kwa Mungu

Wengi wetu leo tutatoka ibadani na kupitia nyumba fulani kumjulia hali mgonjwa. Tafakari ya leo ni kwa ajili ya nyumba hiyo.

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Oktoba, dunia huadhimisha Siku ya Hospisi na Tiba Shufaa. Huenda hujawahi kuisikia. Kwa lugha nyepesi, tiba shufaa ni huduma anayopewa mtu mwenye ugonjwa mzito unaotishia maisha yake, ili maumivu na mateso mengine ya mwili na ya moyo yapungue, naye aishi siku zake kama mtu, pamoja na familia yake. Haingoji daktari aseme hana la kufanya. Inapaswa kuanza mapema, sambamba na matibabu mengine.

Kabla ya kuingia kwenye habari zenyewe, naomba tufungue Injili ya Yohana sura ya 19, mstari wa 28. Huwa tunaisoma kila Ijumaa Kuu. Bwana yuko msalabani, anasema ana kiu. Tumezoea kuhubiri kwamba ile ilikuwa kiu ya wokovu wetu, na si vibaya. Lakini kabla ya hapo ilikuwa kiu ya kawaida: kinywa kilichokauka cha mtu aliyepoteza damu na kupigwa na jua. Mwana wa Mungu hakuona aibu kutaja shida ya mwili wake mbele ya watu. Waliokuwa pale wakachovya sifongo katika siki, wakaiinua kwa hisopo mpaka kinywani pake, na Yohana anatuambia kwamba aliipokea.

Shika picha hiyo, ndugu yangu. Mgonjwa anataja shida yake, na mtu anamlowesha midomo. Tutairudia.

Chupa iliyokaa kabatini

Naomba nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita mama yangu mdogo aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Kama ilivyo kwa akina mama wengi hapa nchini, aligundulika ikiwa imekwishasambaa. Alitibiwa, kisha akarudishwa kijijini na barua, miadi ya kurudi, na mfuko wa dawa. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa ndogo ya maji yenye karatasi iliyoandikwa mofini, pamoja na vidonge vya kulainisha choo.

Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa familia na mzee wa kanisa. Nikaisoma ile karatasi, nikashtuka. Kichwani mwangu jina hilo lilikuwa la mateja wa mjini. Nikawaambia ndugu zangu, “Hii dawa tuiweke kwanza, tuitumie hali ikizidi kabisa. Tukimpa sasa atazoea, halafu siku ikiwa mbaya haitafanya kazi.” Wakanisikiliza. Chupa ikafungiwa kabatini, chini ya vitenge.

Kwa wiki tatu mama mdogo alilia usiku. Alikuwa anauma kanga ili majirani wasisikie. Sisi tulikuwa tunakusanyika, tunaimba, tunaomba, tunamwambia avumilie kwa kuwa kila mtu ana msalaba wake. Siku moja aliniuliza, “Baba, nimemkosea Mungu nini?” Nikamsomea Ayubu.

Ndipo akaja muuguzi mmoja mstaafu wa usharika wetu. Hakuanza na maombi. Alimshika mkono akamuuliza, “Mama, unaumwa wapi? Nioneshe kwa vidole. Ngumi maana yake huumwi, vidole vitano maana yake huwezi kustahimili.” Mama mdogo akainua vidole vitano. Yule dada akageuka akatuuliza dawa alizopewa hospitali ziko wapi. Hakuna aliyejibu. Mwisho nikaenda kabatini.

Alisoma maelekezo, akapiga simu hospitali kuhakikisha, akapima kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akampa kwa mdomo. Akatuandikia saa za kumpa, usiku na mchana. Usiku ule mama mdogo alilala. Siku ya pili alishinda na usingizi, tukaogopa, tukaambiwa tusubiri. Siku ya tatu aliamka akaomba uji, akauliza kuku wake kama wametaga, kisha akasema anataka kumwona dada yake wa Handeni waliyekuwa hawasemeshani kwa miaka mingi kwa ajili ya shamba.

Dada yake alikuja. Waliongea siku mbili mlango ukiwa umefungwa. Mama mdogo aliishi wiki sita baada ya hapo, na alifariki akiwa amepokea Meza ya Bwana, akiwa anatutambua wote.

Watu huniambia tumshukuru Mungu kwa zile wiki sita. Namshukuru. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni zile wiki tatu. Hazikuchukuliwa na saratani, wala na serikali, wala na umaskini. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba. Nilizichukua mimi, kwa hofu niliyoivika vazi la imani.

Habari inasemaje?

Tusidhani hili ni la nyumba moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa, na kwamba ni asilimia 14 tu ya wanaoihitaji wanaoipata. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa ripoti iliyopima mgawanyo wa dawa za maumivu makali duniani. Dawa za aina ya mofini zilizokuwa zikisambazwa kwa mwaka zilifikia tani 298.5. Kati ya hizo, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Rudia kusoma namba hizo. Ni Lazaro na tajiri wa Luka 16, safari hii yakiwa makombo ya dawa.

Mofini si dawa mpya wala si dawa ya anasa. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1977, na ya maji ni ya bei nafuu kutengeneza. Mwaka 1986 shirika hilo lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya saratani ambao umefundishwa duniani kote: toa dawa kwa mdomo inapowezekana, toa kwa saa bila kusubiri maumivu yarudi, na panda ngazi kutoka dawa nyepesi kwenda nzito kadiri ya maumivu. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa afya duniani, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi wanachama, ukapitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya.

Je, inawezekana katika nchi zetu? Majirani wamekwisha kutujibu. Mei 2025 alifariki mjini Kampala Dk. Anne Merriman, akiwa na umri wa miaka 90. Alikuwa mzaliwa wa Liverpool, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari na kufanya kazi ya udaktari Nigeria. Akiwa Singapore alishirikiana na wafamasia kupata mofini ya maji iliyo rahisi: unga wa mofini, maji, dawa ya kuizuia isiharibike, na rangi. Mwaka 1990 alifika Nairobi, kwenye hospisi iliyokuwa inaanza. Mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda akiwa na fedha za kuendesha timu ndogo kwa miezi mitatu. Kabla ya kumpokea mgonjwa wa kwanza aliomba kwanza serikali iruhusu unga ule uingizwe nchini, kwa kuwa alijua kwamba kumtembelea mwenye maumivu bila dawa ni kumtazama tu.

Uganda haikuishia hapo. Waliona kwamba madaktari ni wachache na wagonjwa wako vijijini. Mwaka 2004 sheria yao ikarekebishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini. Mgonjwa wa kijijini haipati kwa kumsubiri daktari bingwa. Anaipata kwa muuguzi anayemfikia, na serikali inaitoa bila malipo. Nchi ile si tajiri kuliko yetu.

Hapa kwetu hatukuanza jana. Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikitoa mofini ya maji kwa wagonjwa wake. Makanisa nayo yana historia ya kujivunia katika hili: Hospitali ya Selian ya KKKT, Arusha, ilianza huduma ya hospisi mwaka 1999, na huduma hiyo ikapelekwa katika hospitali nyingine za kanisa hilo. Muheza, mkoani Tanga, wagonjwa wamekuwa wakifuatwa majumbani. Kwa hiyo swali letu si kama jambo hili linawezekana. Swali ni kwa nini anayeishi mbali na barabara ya lami bado anauma kanga usiku.

Wenzetu wa Uingereza wamekuwa kwenye mjadala mwingine. Juni 20, 2025, Bunge lao la chini lilipitisha kwa kura 314 dhidi ya 291 muswada wa kuruhusu mtu mzima aliye karibu na kufa asaidiwe kukatisha maisha yake. Muswada huo ukapelekwa katika Bunge la Mabwana. Makanisa mengi ya huko yameupinga, nasi tulio huku tumetikisa vichwa tukasema dunia imeharibika. Lakini nakuomba utulie hapo. Ukimsikiliza mtu anayeomba afe, mara nyingi utasikia anaomba maumivu yaishe. Kanisa linalomkataza asife huku halimletei nafuu linambebesha mzigo ambalo lenyewe halitaki kuugusa hata kwa kidole. Bwana aliwakemea wanasheria kwa jambo hilohilo, Luka 11:46.

Mwili unataabika vipi, na nini kinawezekana

Niliyojifunza kwa yule muuguzi na kwa wengine baada yake ningependa uyajue, kwa sababu wengi wetu hudhani mateso ya mwisho hayazuiliki. Sehemu kubwa inazuilika. Ninachokieleza hapa si badala ya mtoa huduma wa afya. Ni ili ujue cha kumwomba.

Maumivu kwanza. Usikisie, muulize. Mgonjwa anayenyamaza si lazima awe na nafuu. Pengine amechoka kusema, au anaona aibu kutaja mahali. Dawa ya maumivu makali hutolewa kwa saa. Mofini ya maji huisha nguvu baada ya kama saa nne, ndiyo maana maelekezo huwa ya saa nne nne. Ukisubiri mpaka alie, unamfukuza mwizi aliyekwisha kuingia ndani. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kusinzia sana au kusikia kichefuchefu, na mara nyingi hupungua. Lakini kufunga choo hakupungui kwenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huenda pamoja na mofini tangu siku ya kwanza. Wapo walioacha dawa ya maumivu kwa sababu tu ya tumbo, wakati tumbo lilikuwa na tiba yake.

Kukosa pumzi kunatisha kuliko hata maumivu, maana mgonjwa anahisi anazama. Muinue kwa mito akae. Fungua dirisha, punguza watu chumbani, mpepee usoni taratibu. Upepo ule usoni una msaada halisi. Mwambie mtoa huduma, kwa kuwa zipo dawa zinazopunguza hali hiyo, na mofini kwa kipimo kidogo ni mojawapo. Sisi waombaji tuna kosa letu hapa: tunajaa watu 20 katika chumba cha futi kumi kwa kumi, tunafunga mlango, tunaimba.

Kutapika na kichefuchefu vina sababu nyingi, na kila sababu ina dawa yake. Ndiyo maana inafaa kueleza kunaanza lini na baada ya nini. Chakula kidogo kidogo ni bora kuliko sahani iliyojaa. Na hapa niseme na akina mama na mashangazi: usimlazimishe mgonjwa aliye mwishoni kula. Najua kwetu kulisha ni kupenda, na jirani akiona sahani imerudi nzima atasema hatumtunzi. Lakini mwili unaojiandaa kupumzika haudai chakula kama zamani. Kumshindilia uji ni kumtesa, na unaweza kumpalia. Hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa.

Kinywa kikavu. Hapa turudi Golgota. Kitambaa safi au pamba iliyoloweshwa maji, unapitisha midomoni na ndani ya kinywa mara kwa mara, kisha mafuta kidogo midomoni. Haihitaji shahada. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumfanyia bibi yake. Ukikuta utando mweupe ulimini, usiseme ni uchafu. Mara nyingi ni fangasi, na ina dawa.

Vidonda vinavyonuka. Hili hulitaji kwa nadra kwa sababu ya aibu, na kwa aibu hiyo wagonjwa wengi hutengwa chumba cha uani na watu huacha kuja. Harufu ya kidonda cha saratani inaweza kupunguzwa sana. Wauguzi wa tiba shufaa husafisha kwa maji ya chumvi, kisha hutumia metronidazo, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kama Flagyl, ikiwa imesagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda. Muulize muuguzi akufundishe. Na anayelala muda wote ageuzwe kila baada ya saa chache, shuka ziwe kavu bila mikunjo, ili asipate vidonda vya kulalia juu ya ugonjwa alionao.

Kuweweseka. Siku za mwisho mgonjwa anaweza kusema na watu wasioonekana, kuvuta shuka, kukasirika. Usikimbilie kusema ni pepo au ni kuteswa na maadui. Huenda ni homa, ni kibofu kilichojaa, ni choo kilichofunga, ni ini au figo kushindwa kazi. Mwite muuguzi kwanza. Sema naye kwa sauti ya chini, mtaje kwa jina, washa taa ndogo. Pumzi ikianza kukoroma kwa makohozi kooni, mlaze kwa ubavu.

Umeona, mpendwa? Katika yote hayo yanayohitaji dawa ni mengi, lakini yanayohitaji mikono ni mengi vilevile. Na mikono makanisa tunayo.

“Lakini Yesu alikataa”

Najua kuna anayesoma akiwa na swali. Marko 15:23 inasema Bwana alipewa divai iliyotiwa manemane, akaikataa. Je, si alikataa dawa ya ganzi ili atufundishe kuvumilia?

Tulitazame vizuri. Bwana alikataa kwa ajili yake mwenyewe, kwa kazi aliyokuja kuifanya, ambayo imekwisha. Hakuna mgonjwa wetu anayetakiwa kuirudia. Na katika Injili zote nne hutakuta mahali alipomwambia mgonjwa aliyemlilia kwamba maumivu yake yana faida, aendelee nayo. Alipotoa mfano wa jirani mwema, Luka 10, yule Msamaria alianza na mafuta na divai juu ya majeraha. Neno la faraja halitajwi kabisa. Nabii Isaya alipoletewa habari ya jipu la mfalme Hezekia, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, Isaya 38:21, na hakuna aliyesema amepungukiwa na imani. Mithali 31:6 inaelekeza kileo kipewe aliye karibu kupotea. Mtu mzima akichagua mwenyewe kubeba maumivu fulani kwa ajili ya Bwana, hilo ni lake na Mungu wake. Kumchagulia mwingine, ukiwa wewe ndiye mwenye ufunguo wa kabati, siyo imani.

Wengine wanaogopa kwamba mofini itamuua. Wauguzi na madaktari wa tiba shufaa wanatufundisha kwamba ikitolewa kwa kipimo sahihi na kupandishwa taratibu haimuui mgonjwa. Ugonjwa ndio unaomuua. Swali hili wataalamu wa ganzi walimpelekea Papa Pius XII, naye akawajibu Februari 24, 1957, kwamba kupunguza maumivu ya anayekufa ni halali hata ikitokea dawa ikafupisha maisha, mradi kifo chenyewe hakikukusudiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha hivyo hivyo na inaita tiba shufaa namna ya upendo. Upande wa Waanglikana, Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, aliisukuma kazi ile kwa imani yake. Ni yeye aliyetufundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa pamoja.

Na kuhusu kuzoea, tutofautishe. Mwili wa mgonjwa unaweza kuhitaji dawa isikatizwe ghafla, lakini hiyo siyo tabia ya teja anayeiba ili apate starehe. Uteja ni nadra kwa mgonjwa anayetibiwa maumivu kwa uangalizi. Vita dhidi ya dawa za kulevya ni vita halali, tumezika vijana wa kutosha. Ndiyo maana mofini inadhibitiwa kisheria na inapaswa kutunzwa mbali na wasiohusika, na inayobaki kurudishwa hospitali. Ila kudhibiti si kuficha.

Mwaka 2011 tulishuhudia maelfu kwa maelfu wakipanda kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Tulibishana sana kama ile ilikuwa imani au ujinga. Nadhani tulipitwa na ujumbe mmoja. Wengi wa wale walikuwa wagonjwa waliokwisha kuambiwa warudi nyumbani. Mtu mwenye maumivu yasiyotibiwa atakwenda popote anapoahidiwa nafuu. Kama hatutaki waende popote, tuwapelekee nafuu walipo.

Tufanye nini?

Kwa familia: uliza. Mgonjwa wako akiruhusiwa kurudi nyumbani usitoke na barua tu. Uliza dawa ya maumivu ni ipi, inatolewa saa ngapi, ikiisha inapatikana wapi, na namba ya simu ya kupiga usiku ni ipi. Na dawa aliyoandikiwa mpe.

Kwa jumuiya ndogo ndogo, akina mama wa WAWATA, Umoja wa Mama, vijana wa kwaya: kabla ya kuanza wimbo, mtu mmoja akae karibu na mgonjwa na amuulize yule muuguzi alivyouliza, unaumwa wapi, umelala, umekunywa, umepata choo. Gaweni zamu za kumgeuza na kumlowesha kinywa, ili binti anayemuuguza mama yake peke yake apate usiku mmoja wa kulala. Kila usharika na kila parokia ina wauguzi wastaafu. Wapewe nafasi, si ya kusimama mbele siku ya Sikukuu ya Wauguzi pekee.

Kwa wachungaji, mapadri na watumishi wote: chungeni sana kile mnachosema kando ya kitanda. Neno lenu laweza kufunga kabati au kulifungua. Ukiombea uponyaji, omba kwa nguvu zote, kisha uliza kama amekunywa dawa.

Na kwa viongozi: nyakati za kampeni wagombea hupita wakiomba kura, na baadhi huketi mabenchi ya mbele. Usiwaulize zahanati na gari la wagonjwa tu. Waulize kama mofini ya maji inafika hospitali ya wilaya yenu. Waulize muuguzi wa zahanati anaruhusiwa kufanya nini kwa mgonjwa anayelia usiku, kama ilivyofanyika Uganda. Waulize kama bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 2023, itamfikia mgonjwa aliye nyumbani kitandani na ambaye hatapona. Huyo hatapiga kura uchaguzi ujao. Wewe utampigia.

Nikimaliza, nirudi kwa mama yangu mdogo. Siku chache kabla hajafariki nilimwomba msamaha kwa ajili ya ile chupa. Alinitazama kwa muda, akasema, “Baba, hukujua.” Kisha akaniomba maji. Nilichukua pamba, nikaichovya, nikamlowesha midomo.

Mimi sikujua. Wewe umekwisha kusoma.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyesema una kiu na ukapokea ulichopewa, wakumbuke leo walio vitandani wanaongoja kupambazuke. Utusamehe tulipoita mateso yao mapenzi yako ili tusisumbuke. Wape wauguzi na madaktari wetu dawa mikononi na huruma mioyoni. Utupe sisi ujasiri wa kuuliza, na mikono ya kuhudumia. Amina.

Nakutakia Jumapili njema. Ukipita kumwona mgonjwa, usikae mlangoni.